Binti yetu wa miaka 10 anakwenda kambi ya Kiyahudi kwa wiki nne: tuulize nini?

“Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimelelewa katika Uislamu, na sasa naishi New Jersey na mume wangu ambaye ni Myahudi. Binti yetu ana miaka 10 na tunamlea katika dini ya baba yake. Mama mkwe amejitolea kumlipia wiki nne kwenye kambi ya kiangazi ya Kiyahudi kaskazini mwa jimbo la New York, kambi aliyokwenda yeye mwenyewe na baadaye mume wangu. Kila nikiuliza habari za usalama naambiwa, ‘Pale sote ni familia.’ Mimi nimesoma bweni, nalijua giza la bweni. Nimesoma pia habari za watoto kudhulumiwa kambini. Simu haziruhusiwi, getini kuna mlinzi mwenye bunduki, na binti yangu huenda akawa mtoto mweusi peke yake. Mume wangu anasema najitia wasiwasi bure. Je, nimruhusu aende? Na niulize vipi bila kuonekana nawatukana?”

Dada yangu, wasiwasi wako si wa bure, ila nao peke yake si sababu ya kumzuia mtoto. Naona hofu mbili katika maneno yako: kwamba binti yako atadhurika, na kwamba hatakubalika. Mumeo na mama yake huenda wanaziona kama mambo mawili tofauti, la kwanza zito na la pili la hisia tu. Kwangu mimi, baada ya miaka mingi katika kazi ya ulinzi wa watoto, ni jambo moja. Wewe umelelewa Pwani, unamjua mgeni aliyefunzwa adabu. Akiandaliwa chakula asichokipenda, anakula na kushukuru. Akilazwa penye joto, asubuhi anasema amelala vizuri. Mtoto anayejiona mgeni mahali fulani hufanya vivyo hivyo: akitendewa baya ananyamaza, kwa sababu hana uhakika kama ana haki ya kulalamika katika nyumba ya watu. Kwa hiyo unapouliza kama binti yako atakaribishwa, unauliza pia kama atasema siku akiguswa vibaya.

Na hiyo kauli ya mama mkwe, usiichukue kama ya mtu anayeficha jambo. Kambi hizi zina mizizi mirefu. Surprise Lake, iliyoko Cold Spring, New York, ilianza mwaka 1902 kuwatoa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi katika vyumba vilivyobanana vya mitaa ya Manhattan, wapate hewa na ziwa la kuogelea. Kambi ya kwanza ya mtandao wa kambi za Ramah ilifunguliwa Wisconsin mwaka 1947, wakati Wayahudi wa Marekani walipokuwa wakijiuliza ni nani atakayeibeba dini na lugha baada ya mauaji ya Ulaya. Watoto hufundishwa kuomba, kuimba na kubishana kwa Kiebrania kidogo na Kiingereza kingi. Ijumaa jioni wanavaa nyeupe kuipokea Shabati, na Jumamosi usiku wanasimama duara wakiushuhudia mshumaa wa kuiaga ukizimwa katika divai. Wengi wamepata huko marafiki wa maisha, na si wachache waliopata wachumba. Mama mkwe anaposema “familia” anasema kweli ya moyo wake. Anachokosea ni kuigeuza kweli hiyo kuwa dhamana.

Hebu nikueleze kwa nini si dhamana. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya umma, inakadiria kwamba takriban asilimia 90 ya dhuluma za kingono kwa watoto hufanywa na mtu ambaye mtoto au familia yake inamfahamu na kumwamini. Mtu wa namna hiyo haruki ukuta usiku. Anaanza kwa kupendwa. Huwa ndiye mchangamfu, mwenye gitaa, anayekumbuka jina la kila mtoto, anayejitolea kukaa na yule anayelia akikumbuka kwao. Anawazoesha watu wazima kwanza, kabla hata ya kumgusa mtoto, ili siku mtu akimtilia shaka wote waseme, “Yeye? Haiwezekani.” Kisha anapima kanuni ndogondogo: anampa mtoto mmoja peremende zilizokatazwa, anamruhusu kuchelewa kulala, anamwambia, “Haya ni yetu mimi na wewe.” Mtoto akishika siri ndogo, amepimwa kwa siri kubwa. Akiogopa kusema baadaye, huogopa pia kufichua kwamba na yeye alivunja kanuni.

Sasa tazama kambi ilivyo. Viongozi wa mabweni wengi wana miaka 18 hadi 21, nao walikuwa watoto wa kambi ileile juzi tu. Urafiki unaochukua mwaka mzima mjini, pale unashika kwa siku tano. Watoto wanalala, wanaoga na kubadili nguo karibu na watu ambao wiki iliyopita hawakuwajua. Kuna mila, nyimbo na vichekesho ambavyo mgeni havielewi. Kila kinachoifanya kambi iwe tamu kinaweza pia kumsaidia mwenye nia mbaya. Ndiyo maana kambi inayofaa haijengi ulinzi juu ya tabia njema ya watu wake. Inajenga juu ya taratibu ambazo hata mtu mwema kuliko wote analazimika kuzifuata: hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, hakuna kiongozi anayeingia kitandani mwa mtoto hata kumbembeleza, na hakuna kuandikiana ujumbe wa faragha wakati wa kambi wala baada yake.

Hapa wewe, kwa malezi yako, una elimu ambayo huenda mumeo hajaifikiria. Umefundishwa kuhusu khalwa, yaani mwanamume na mwanamke wasio maharimu wasikae faragha. Sheria ya Kiyahudi ina kitu hichohicho, kinaitwa yichud. Kambi za Kiorthodoksi, yaani za Wayahudi wanaoshika sheria ya jadi, hukifuata kwa ukali, na wazazi wengi hudhani kimetosha. Hakitoshi. Kimewekwa kwa ajili ya mwanamume na mwanamke, hivyo hakimgusi kiongozi wa kiume aliyefungiana na mvulana, wala wa kike aliyefungiana na msichana. Kambi ikikwambia, “Sisi tuna yichud,” ishukuru, kisha uliza kanuni yao kuhusu watu wa jinsia moja.

Kuna mafundisho mengine ya dini ambayo yamepotoshwa ili kunyamazisha watu, na ni vyema uyajue kwa majina yake, kwani unaweza kuyasikia. Lashon hara ni katazo la kumsema mtu vibaya. Chillul Hashem ni kulitia aibu jina la Mungu mbele ya walimwengu. Sisi nasi tunayo yetu: kumstiri mwenzako, kutoanika nguo za nyumbani. Jamii iliyowahi kuchukiwa na kufukuzwa huku na huko ina sababu ya kuogopa kuanikwa, na sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Lakini fungua Mambo ya Walawi 19:16. Aya ileile inayokataza kuzunguka na umbea ndiyo inayoamuru usisimame tu huku damu ya jirani yako ikimwagika. Marabi wengi wa leo, wakiwemo wa Kiorthodoksi, wanafundisha waziwazi kwamba kuripoti dhuluma ya mtoto hakuingii katika lile katazo. Siku mtu akikutajia lashon hara ulipouliza swali la haki, mtajie nusu ya pili ya aya hiyo.

Umesema umesoma habari. Sitakwambia ni uzushi. Umoja wa Wayahudi wa Mageuzi, URJ, wa dhehebu la Reform, unaoendesha kambi nyingi nchini Marekani, uliajiri mawakili wa nje kuchunguza historia yake, na Februari 2022 ukachapisha ripoti iliyoeleza malalamiko ya miongo kadhaa, yakiwemo ya kambini. Ukisoma habari kama hiyo moyo unashtuka. Mimi naisoma pia kwa namna nyingine. Taasisi iliyochapisha makosa yake inanipa mahali pa kuanzia maswali, lakini ile inayodai haijawahi kuwa na lalamiko hata moja kwa miaka 60 hunitia mashaka zaidi. Mahali penye mamia ya watoto kila kiangazi, kukosa malalamiko kabisa maana yake mara nyingi ni kwamba mlango wa kulalamikia umefungwa. Tangu 2018 Foundation for Jewish Camp, shirika linalozihudumia kambi za Kiyahudi za madhehebu yote, limekuwa na mpango uitwao Shmira, yaani ulinzi, wa kufundisha kambi kuhusu ridhaa na unyanyasaji wa kijinsia. Lipo pia shirika la Sacred Spaces linalozisaidia taasisi za Kiyahudi kuandika sera za kuzuia dhuluma. Uliza kambi yenu kama imefanya kazi na mojawapo, na ni nini kilichobadilika baada ya hapo. Hilo swali la mwisho ndilo muhimu.

Watakwambia pia kwamba kila mfanyakazi amechunguzwa na polisi. Ni vyema, tena New York hulazimu majina ya wafanyakazi wa kambi yapitishwe katika daftari la wakosaji wa kingono. Ila elewa chujio hilo linanasa nini. Linamnasa aliyewahi kupatikana na hatia. Kijana wa miaka 19 hana historia, na aliyefanya kosa akiwa na miaka 15 rekodi yake kwa kawaida imefungwa. Wengi wanaodhulumu hawajawahi kushtakiwa. Kwa hiyo uliza mengine: walimhoji mwombaji ana kwa ana? Waliwapigia simu waliowahi kumwajiri, au walipokea tu barua? Mafunzo ya kabla ya watoto kufika yanachukua saa ngapi kwa mada hii, na nani anayafundisha?

Jambo moja wazazi wengi hawalitaji kabisa, nawe umeligusa uliposema unalijua giza la bweni. Watoto wenyewe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliojulikana na polisi kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto walikuwa wenyewe hawajatimiza miaka 18. Waliosoma bweni Kenya wanajua mono wa kidato cha kwanza alivyofanywa na wakubwa, na walimu wakaita “kuzoeshwa”. Kambini utasikia yakiitwa mila au mzaha wa usiku. Tena katika kambi nyingi za Kiyahudi kumekuwa na msukumo wa miaka mingi wa kutaka vijana wapatane kimapenzi, watu wazima wakitabasamu kwa sababu wanatamani ndoa za Kiyahudi siku za mbele. Binti yako ana miaka 10, hilo halimhusu kesho, lakini atakuwa anatazama. Uliza nani analala ndani ya bweni usiku, nani anazunguka viongozi wanapopumzika baada ya watoto kulala, na wanaoga vipi. Saa ile ya jioni, kati ya taa kuzimwa na viongozi kurudi, mimi huiulizia kabla ya kitu kingine chochote.

Mlinzi wa getini ana sababu yake. Agosti 10, 1999, mtu mwenye chuki aliingia kituo cha jamii ya Kiyahudi huko Granada Hills, Los Angeles, akapiga risasi na kujeruhi watu watano. Watatu walikuwa watoto wa kambi ya mchana. Oktoba 27, 2018, Wayahudi 11 waliuawa wakisali katika sinagogi huko Pittsburgh. Tangu hapo ulinzi umeongezwa sana, na baada ya shambulio la Hamas nchini Israel Oktoba 2023 zaidi. Kwa mama wa mtoto mweusi, bunduki getini haitulizi moyo kama inavyomtuliza mama mwingine, na una haki ya kusema hivyo. Omba mlinzi atambulishwe kwa binti yako siku ya kwanza kwa jina, na akuone wewe na ndugu zako mtakaokuja siku ya wageni, asije akamsimamisha shangazi mwenye ushungi kwa maswali ambayo bibi wa Manhattan haulizwi. Hili nimeliona likitokea. Kambi husika iliomba radhi vizuri, lakini mtoto alikuwa ameshaona.

Simu haizuiwi ili kuficha mabaya. Inawapa watoto nafasi ya kuzoeana, na inazuia picha za chooni kusambaa, jambo ambalo ni hatari ya kweli. Ninachotaka kusikia ni njia iliyowekwa badala yake. Mtoto anaweza kumfikia nani asiye kiongozi wa bweni lake? Barua zake zinasomwa na mtu? Akisema “nataka kuongea na mama kwa jambo la siri,” ataunganishwa siku hiyohiyo? Kambi isiyo na jibu hapa bado haijawa tayari kumpokea mwanao.

Sasa nije kwenye ngozi na kwenye nafasi yake katika dini, maana hapa ndipo mumeo anaweza kukwambia unakuza mambo. Wewe hukuzaliwa Myahudi. Kwa sheria ya jadi, inayofuatwa na Waorthodoksi na Wahafidhina, Uyahudi hupitia kwa mama, hivyo binti yako kwao angehitaji kuingizwa katika Uyahudi kwa namna yao, kwa mahakama ya marabi na kuzamishwa katika maji ya mikvah. Marabi wa Mageuzi waliamua mwaka 1983 kwamba mtoto wa baba Myahudi anayelelewa kama Myahudi ni Myahudi. Kambi yenu inafuata lipi? Usiache hili lijulikane kwa bahati mbaya, mbele ya wenzake, siku atakapoitwa au asipoitwa mbele ya Torati. Mpigie mkurugenzi, mweleze familia yenu ilivyo, na umuulize: “Je, kuna tukio lolote kambini ambalo binti yangu atawekwa kando kwa sababu yangu?” Jibu likiwa ndiyo, ni afadhali mlijue Machi kuliko Julai.

Ataulizwa, “Mbona wewe ni mweusi?” Ataulizwa na watoto wasio na ubaya, pengine hata na vijana kutoka Israel wanaokuja kufanya kazi kambini, ambao husema kile wanachowaza. Mpe kitu cha kushika kabla hajaondoka. Mwambie kwamba Wayahudi weusi si kioja. Wayahudi wa Ethiopia walisafirishwa kwa maelfu kwenda Israel, kwenye operesheni za 1984 na 1991. Karibu na Mbale, Uganda, ipo jamii ya Abayudaya iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, na rabi wao, Gershom Sizomu, alihitimu Los Angeles mwaka 2008 kisha akachaguliwa mbunge. Nairobi ina sinagogi ambayo jumuiya yake ni ya tangu mwanzo wa karne iliyopita. Binti wa mama wa Mombasa hahitaji kuazima historia. Lakini kuwafundisha wengine si kazi yake. Muulize mkurugenzi kiongozi wa bweni amefundishwa kusema nini pale swali hilo linapoulizwa mara ya sita. “Tunawapenda watoto wote” halinitoshi. Nataka kusikia sentensi ambayo kijana wa miaka 19 ataitamka.

Na kuna nywele. Msije mkalicheka jambo hili nyumbani. Siku ya kwanza kambi nyingi hukagua chawa, mtoto mmoja mmoja, mbele ya foleni. Mkaguzi asiyewahi kushika nywele za kipilipili huvuta misuko, huita mwenzake, na foleni yote inatazama. Chawa wa kichwa ni nadra zaidi katika nywele zetu kwa umbo lake, lakini ukaguzi ni haki, basi uombe ufanyike faraghani na mtu aliyeelekezwa. Msuke misuko itakayostahimili kuogelea kila siku, weka mafuta yake na kofia ya kulalia, na waandikie kwamba hakuna mtu wa kuifumua. Angalia pia fomu ya picha. Mtoto mweusi mmoja kambini hujikuta usoni mwa kila tangazo la mwaka unaofuata. Mkikubali, mkubali kwa kujua. Mnaruhusiwa kukataa.

Inawezekana kukaribisha watu vizuri, ila kunahitaji kazi. Mwaka 1970 Herb na Barbara Greenberg walianzisha mpango wa Tikvah katika kambi ya Ramah, wakiwaleta watoto wenye ulemavu kuishi kambini pamoja na wengine. Walipingwa, ikisemwa kiwango cha kambi kitashuka. Hakikushuka, na mpango huo ukaenea katika kambi nyingine za Ramah. Nautaja kwa sababu utaambiwa, kwa upole, kwamba mahitaji yako ni mengi. Mlango uliopanuliwa kwa ajili ya mmoja hupitisha wengi.

Kuhusu sheria, una nguvu kuliko unavyodhani. New York inalazimu kambi za watoto kuwa na kibali cha idara ya afya, na hukaguliwa mara mbili kwa mwaka. Mkurugenzi wa kambi ya kulala lazima awe na miaka 25 au shahada. Angalau asilimia 80 ya viongozi wawe wametimiza miaka 18, na kwa watoto wa umri wa binti yako kuwe na kiongozi mmoja kwa kila watoto 10. American Camp Association, ambayo hutoa ithibati ya hiari, inapendekeza mmoja kwa 8 kwa umri wa miaka 9 hadi 14. Kambi inatakiwa kuwa na mpango wa usalama ulioandikwa, na una haki ya kuona ripoti za ukaguzi kwa idara ya afya ya kaunti. Piga simu huko bila kumwomba mtu ruhusa.

Wakati huohuo uliza habari za maji. Tunaongea sana juu ya wanadamu, lakini kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 nchini Marekani, kuzama ni sababu ya pili ya vifo vya ajali. Kila mtoto apimwe kuogelea siku ya kwanza na apewe mwenzake wa kuingia naye majini, na wawe wanahesabiwa kwa ubao. Uliza pia mabweni yako wapi ukilinganisha na mto, na tahadhari ya usiku inatolewaje. Julai 4, 2025, mafuriko ya Mto Guadalupe huko Texas yaliua wasichana na viongozi 27 wa Camp Mystic, kambi ya Kikristo, yakiwakuta usiku. Chanjo ya surua nayo isisahaulike, hasa baada ya mlipuko wa 2018 na 2019 katika jamii za Kiyahudi za Brooklyn na Rockland.

Sasa namna ya kuuliza. Andika barua pepe moja, mumeo akiwa nakala, na uanze hivi: “Familia yetu inaipenda kambi hii kwa vizazi viwili, na tungependa binti yetu awe wa tatu. Naomba mnisaidie kuelewa…” Kisha maswali matano au sita, si thelathini. Ningeanza na usiku bwenini, mtoto kuwa peke yake na mtu mzima, njia ya kulalamika, lalamiko la mwisho walilopata na walichokifanya bila kutaja majina, na nafasi ya binti yako katika ibada. Usipime maneno tu, pima pia hewa ya jibu. Mkurugenzi akisema, “Swali zuri, hebu nikueleze,” na jibu lina saa, vyeo na vyumba, umempata mtu. Akisema, “Mama, hapa sote ni familia,” umeshapata jibu pia.

Nyumbani kuna kazi ambayo hakuna kambi itakufanyia. Sisi tunawaambia watoto “sehemu za siri”, kisha tunawaonya wasishike siri za mtu mzima. Tumeliweka neno siri mahali pabaya kabisa. Mfundishe majina halisi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu atakayemsikiliza kambini hajui Kiswahili. Umemfundisha shikamoo na utii kwa wakubwa, na ni malezi mazuri. Mwongezee kwamba utii una mpaka, na mpaka huo ni mwili wake. Mwambie: “Mtu akikwambia usimwambie mama, hapohapo ndipo pa kuniambia, hata kama na wewe ulivunja kanuni. Sitakugombeza.” Mfanyie mazoezi ya kukataa kukumbatiwa, tena na shangazi zake, na shangazi waambiwe wasinune.

Usimwahidi kwamba akilia utamfuata. Madaktari wa watoto wa Marekani waliliandikia hili mwaka 2007: ahadi ya kumchukua humwambia mtoto kwamba hata wewe huamini ataweza. Barua ya kwanza itasema “njoo unichukue”. Karibu watoto wote hukumbuka kwao, na wengi hutulia baada ya siku chache. Tofautisha na barua inayomtaja mtu mmoja kwa hofu, au barua iliyopoa ghafla, isiyofanana naye. Mkubaliane neno moja la Kiswahili, lenu wawili, ambalo akiliandika mahali popote utajua ni la kweli.

Nimruhusu? Kama ningekuwa wewe, majibu yakiwa mazuri, ningempeleka, lakini kwa wiki mbili, ikiwa kambi ina kipindi kifupi. Mama mkwe atasema wiki mbili ni mtoto anaanza tu kuzoea, na si uongo. Ila yeye ni wa miaka 10, na peke yake kwa namna ambayo mume wako hakuwa. Akirudi akidai zaidi, mwakani ana wiki nne. Kambi ya mchana huko New Jersey ni chaguo la heshima kama bado hajawahi kulala nje. Kungoja mwaka mmoja hakumpunguzii Uyahudi wake. Majibu yakiwa mabaya, usimpeleke, hata kama bibi amelipa.

Na ikitokea akakuambia jambo, sasa au baada ya kambi, usimhoji. Sema, “Asante kwa kuniambia. Nakuamini. Si kosa lako,” andika maneno yake kama alivyoyasema, na simama hapo. Usianze kwa mkurugenzi, wala kwa baraza la familia. Kama kuna hatari ya sasa hivi, piga 911. Kama hakuna, piga Childhelp, laini ya simu ya Marekani ya msaada kuhusu watoto wanaodhulumiwa, 1-800-422-4453, saa yoyote. Wana wakalimani, unaweza kuomba wa Kiswahili. Katika New York mkurugenzi wa kambi ya kulala analazimika kisheria kuripoti shaka ya dhuluma, lakini wewe usimngoje. Mpeleke kwa daktari wake wa watoto, na umwombe akuelekeze kwenye kituo cha kuwahoji watoto, ambako mtu aliyesomea kazi hiyo humsikiliza mara moja tu ili asirudie hadithi kwa kila afisa. Vituo hivyo vipo karibu kila jimbo tangu cha kwanza kilipofunguliwa Huntsville, Alabama, mwaka 1985. Akibadilika bila kusema, akaanza kukojoa kitandani tena, akaogopa kuoga au kujiumiza, usingoje wiki ipite. Daktari amwone ana kwa ana.

Barua pepe ile iandike wiki hii, kabla ada haijalipwa yote. Baada ya kulipa, hata mama jasiri huanza kujiambia kwamba jibu lisiloeleweka lilikuwa zuri.